ACHA USHAMBA! Hivi mshamba ni nani hasa?

Leo naomba tuongee kuhusu tusi moja ambalo kila mmoja wetu ameshalitoa na ameshalipokea, mara nyingine siku hiyo hiyo. Si tusi la kukufikisha polisi. Hata mama mzazi anaweza kukutamkia huku anacheka. Ila likikupata siku mbaya, mbele ya watu wabaya, linakaa rohoni miaka.

Mshamba.

Kilichoniwasha ni hiki. Asubuhi moja nilikuwa stendi ya Tukuyu mjini, nimekaa ndani ya Noah nasubiri ijae niende nyumbani Kisondela. Kwa wasiopajua, Kisondela ni kata ya huku kwetu Rungwe, kijani mwaka mzima, mvua haiombwi, migomba mpaka mlangoni. Akaja bibi mmoja na kikapu chake. Kabla hajaketi akasimama pale mlangoni akaanza kutusalimu. "Mugonile!" Tukaitikia. Akaanza kuulizia mmoja mmoja, wewe hujambo, na wewe watoto hawajambo, na yule wa nyuma kule mbona kimya. Konda, kijana wa miaka kama ishirini hivi, kofia kaigeuza nyuma, akamkata: "Bibi, acha ushamba, panda gari iondoke."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, sikatai. Halafu nikaanza kuhesabu mle ndani. Konda ni wa Kisondela. Dereva wa Kisondela. Abiria wote tunaenda Kisondela. Sasa mle ndani mtu wa mjini alikuwa nani?

Basi nikaona nilifuatilie neno hili, maana nina deni nalo, mtaliona huko mbele.

Tuanze na maana. Ukimwuliza mtu wa kawaida atakwambia mshamba ni mtu asiyejua mambo: anashangaa maghorofa, anaogopa lifti, anavaa suruali imepanda juu ya soksi, anauliza bei halafu anaguna kwa sauti. Hiyo ni tabia. Lakini angalia neno lenyewe limetengenezwaje. Mtu anayelima tunamwita mkulima, jina linatokana na kazi yake. Mshamba halitokani na kazi, linatokana na mahali. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya msingi huko kijijini, mwenye cheti chake na hajawahi kushika jembe, akija Dar ataitwa mshamba. Na bosi wa Masaki mwenye ekari mia mbili za miti huko Mufindi haitwi mshamba hata siku moja. Ana shamba kuliko sisi wote! Lakini analala mjini.

Shikeni hapo. Mwenye shamba si mshamba. Mshamba ni yule anayekaa humo.

Sasa huu utaratibu wa mtu kumiliki shamba huku anakaa mjini haukutoka kwetu milimani. Ili kuuelewa inabidi tushuke pwani, hasa Unguja, karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan wa Oman alihamishia makao yake Zanzibar, na kufikia miaka ya 1840 kisiwa kilikuwa kimejaa mikarafuu. Matajiri walikuwa na nyumba zao za mawe mjini, na huko nje walikuwa na mashamba. Nani alikuwa anakaa mashambani akipalilia na kuchuma karafuu? Watumwa. Watu waliotolewa bara, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa, yaani karibu kabisa na huku kwetu, wakapitishwa Kilwa wakavushwa bahari. Bwana alikwenda shamba msimu wa mavuno, kupumzika na kukagua mali, kisha akarudi mjini kwenye baraza yake.

Hadi leo Mzanzibari akisema "naenda shamba" anaweza asiwe na maana ya kulima. Ana maana anatoka nje ya mji. Kisiwa kizima kimegawanyika hivyo kwenye vichwa vya watu, mjini na shamba, tangu enzi hizo.

Kwa hiyo mtu wa shamba wakati huo hakuwa tu mtu asiyejua fasheni. Mjini aliishi mwungwana, aliyezaliwa huru. Shamba aliishi mtumwa. Hata watumwa wenyewe walikuwa na madaraja: mtumwa wa nyumbani, aliyekaa mjini na mabwana akajua adabu zao, alimdharau mtumwa wa shamba. Unaona? Ni yale yale ya konda na bibi. Wote wako chini, lakini mmoja kasogea karibu na mlango wa bwana.

Na mshamba hayuko peke yake, ana ndugu zake. Chukua "mjinga". Leo ni mtu asiye na akili au asiyejua kitu. Pwani ya karne ya 19 mjinga aliitwa hasa mtumwa mgeni, aliyefika juzi tu kutoka bara, hajajua Kiswahili wala desturi. Mtoto wake akizaliwa pale pale aliitwa mzalia, na mzalia alijiona bora. Yaani ujinga haukuwa upungufu wa akili, ulikuwa ugeni! Chukua "mshenzi". Hili ndilo waungwana wa pwani walilotumia kwa watu wote wa bara wasio Waislamu, wasio wa mji. Wajerumani walipoingia wakalidaka wakawa wanaliandika kwenye vitabu vyao kwa tahajia ya kwao. Waingereza nao wakalidaka. Mwaka 1994 Wamarekani wa Disney wakampa fisi kwenye filamu ya The Lion King jina la Shenzi. Safari ndefu hiyo kwa neno lililoanza kama jina la babu zetu.

Halafu kuna "ustaarabu", neno tunalolisifia kila kukicha. Ndani yake kuna Mwarabu, limetoka kwenye neno la Kiarabu la kuwa kama Waarabu. Kabla halijatamba, pwani sifa kubwa ilikuwa uungwana. Kwa hiyo ukipanga maneno yote haya kwenye mstari unapata ramani kamili: huku mjini, uhuru, bahari, kule shamba, utumwa, bara. Tusi halikutungwa na mtu mmoja mwenye roho mbaya. Lilikuwa ndani ya mpangilio wa maisha wenyewe.

(Wapo wanaosema neno "shamba" limetoka Kifaransa, kwa vile kuna champ. Mimi kufanana tu hakunitoshi. Tukienda kwa kufanana, hata "kitabu" mtaniambia kimetoka Kyela.)

Watumwa wenyewe walilielewa tusi hili vizuri kuliko mtu yeyote. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wengi waliacha mashamba wakahamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Na kitu cha kwanza walichobadilisha ni mavazi. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za kitumwa, wakaingia kwenye kanga za rangi. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Walitaka mtu akiwaona njiani asiweze kujua walitoka shamba. Kijana wa leo anayekopa hela anunue raba kabla hajapanda basi la Dar, anafanya jambo lile lile, ingawa hajawahi kusikia habari ya Ng'ambo.

Msidhani ni sisi tu. Hebu angalia "mpagani". Asili yake ni Kilatini, paganus, na maana yake ya kwanza ni mtu wa kijijini. Kiingereza kina villain, yaani jambazi wa kwenye sinema, na asili yake ni mtu aliyefungwa kwenye shamba la bwana huko Ulaya ya zamani. "Kaburu" je? Limetoka boer, ambalo kwa Kiholanzi ni mkulima tu. Na Waingereza wana boor, ndugu yake huyo huyo, maana yake mtu asiye na adabu. Duniani kote wanaokula wamewatukana wanaolima. Duh.

Sasa hili letu lilipandaje kutoka Unguja mpaka stendi ya Tukuyu? Lilipanda na Kiswahili chenyewe, kupitia misafara, kambi za askari, ofisi za Wajerumani na mashule. Tukuyu yenyewe ilianza kama boma la Wajerumani, wakaliita Neu-Langenburg. Penye boma pakawa mjini, na waliozunguka boma wakawa wa shamba, siku moja tu, bila hata kuhama. Na Dar es Salaam msiniambie kitu. Kariakoo, moyo wa ujanja wote wa Bongo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa shamba la Mjerumani aitwaye Schoeller. Jina Kariakoo limekuja baadaye, kwa ajili ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps. Kwa hiyo ukiibiwa simu Kariakoo, umeibiwa shambani, teh teh.

Baada ya uhuru ungetegemea neno hili life. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimweka mkulima juu kabisa, tena Mwalimu Nyerere alionya waziwazi kwamba watu wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa watu wa vijijini, kwa sababu mikopo inajenga mijini na wanaoilipa ni wakulima kwa mazao yao. Maneno mazito. Sensa ya mwaka huo ilionyesha karibu watu 6 tu kati ya 100 ndio waliokaa mijini. Taifa zima lilikuwa la washamba!

Lakini kwa vitendo serikali zetu zimefanya shamba liwe adhabu. Waingereza walikuwa wanakamata vijana wasio na kazi Dar, wakawaita wahuni, wakawarudisha kwao kwa nguvu. Tukapata uhuru, tukaendelea. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Mtu asiye na kitambulisho cha kazi anakamatwa mtaani, anapakiwa, anapelekwa kijijini au kwenye mashamba akalime. Fikiria mtoto anayeona hivyo. Anajifunza nini kuhusu shamba? Kwamba huko ndiko wanakopelekwa waliokosea.

Na shuleni je? Nani kati yenu hajawahi kuchelewa namba akapewa kipande cha kulima? Ukipiga kelele, lima. Ukifeli hesabu, lima. Na mwalimu wangu mmoja alikuwa na sentensi yake ya kila wiki: "Msiposoma mtarudi kulima." Anawaambia watoto ambao ada na sare zao zimetoka kwenye chai na ndizi za wazazi wao! Yeye mwenyewe chakula chake cha mchana kimetoka pale pale nyuma ya darasa.

Kuna waliojibu, hata hivyo. Mr. Ebbo mwanzoni mwa miaka ya 2000 alilichukua dhihaka la Mmasai wa mjini akalifanya wimbo, akawachekesha watu wa Dar kwa pesa zao wenyewe. Na sisi wa huku tulijibu uwanjani. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walitoka huku kwenye migomba wakabeba ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Wazee wa Tukuyu wakianza kuisimulia hiyo, kaa chini, utachelewa.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Mwaka 2005 nilikuwa nakaa Sinza, geto, chumba kimoja washikaji watatu. Nilikuwa nimeshajifunza mji, au nilidhani hivyo. Lafudhi ya Kinyakyusa nimeifuta, nikiulizwa natokea wapi nasema Mbeya, tena Mbeya mjini. Siku moja nikapigiwa simu kwamba tata yupo njiani. Nikaenda kumpokea Ubungo, enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaishia pale. Akashuka na koti lake zito la baridi la Rungwe, kwenye joto la Dar, na kutoka kwenye buti la basi wakatoa gunia la maharage na mikungu miwili ya ndizi za kupika. Miwili! Konda wa daladala akatuuliza kama tunahamisha msitu. Nikatamani ardhi ipasuke.

Tulipofika nyumbani ndipo ikawa balaa. Nyumba ile ilikuwa na vyumba nane vya wapangaji. Tata hakuingia ndani kupumzika. Alitua mzigo, akaanza mlango wa kwanza. Hodi. Akasalimia, akataja jina lake, akasema yeye ni baba yake fulani, ametoka Tukuyu, akauliza majina, akauliza kwao ni wapi na wazazi wazima? Mlango wa pili hivyo hivyo. Washikaji zangu wako kijiweni nje wanachungulia, mmoja kaziba mdomo kwa fulana. Nikamvuta pembeni nikamwambia, na nakumbuka maneno yenyewe: "Tata, acha ushamba. Watu wa huku hawasalimiani hivyo."

Hakukasirika. Aliniangalia kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hapa unalala na watu usiowajua?" Kisha akaomba maji ya kunywa. Jioni akashusha mikungu, akakata chane moja moja, akagawa kila mlango. Siku ya tatu akarudi zake.

Miaka baadaye nikakutana na kitabu cha Monica Wilson, mtaalamu kutoka Afrika Kusini aliyeishi na kufanya utafiti huku Rungwe miaka ya 1930, yeye na mumewe Godfrey. Kinaitwa Good Company, kilitoka mwaka 1951. Humo anaeleza jinsi Wanyakyusa wa wakati ule walivyokuwa na vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja wanaondoka kwa baba zao wanajenga pamoja, wanakula pamoja, wanazeeka pamoja. Na anaeleza neno ambalo nililisikia tangu utotoni bila kulipa uzito: ukwangala. Ni kukaa na wenzako kwa raha, kuongea vizuri, kukaribisha, kugawana chakula. Kwa wazee wale hekima haikupatikana kwa kukaa peke yako, ilipatikana kwa maongezi na wenzako. Mtu asiyejua kukaa na watu ndiye aliyekuwa na kasoro, hata awe na ng'ombe mia.

Nilikaa na kitabu kile muda mrefu. Tata kwenye ile korido ya Sinza hakuwa anashangaa mji. Alikuwa anafanya adabu, ile ya juu kabisa anayoijua, na mimi mwanawe nikamwambia aache, kwa neno lililotengenezwa na mabwana wa karafuu kwa ajili ya watumwa wao. Na kwetu Kisondela utaratibu huo wa mabwana haukuwapo hata kidogo. Mwenye mgomba analala kwenye mgomba wake. Nyumba iko katikati ya shamba, kaburi la babu liko hapo hapo. Kumwita mtu wa hivyo mshamba ni kama kumtukana samaki kwamba ana maji.

Alifariki mwaka 2011. Nilichukua likizo, nikaenda kumzika. Niliporudi Sinza, mama mmoja wa chumba cha mwisho, ambaye kwa miaka yote ile tulikuwa tunapishana chooni tu, akanifuata kunipa pole. Akamtaja tata kwa jina lake kamili. Mimi jina la mama yule nilikuwa sijui.

Siwaambii mlifute neno, halifutiki. Mimi mwenyewe bado linanitoka, juzi tu nimemwita mshikaji mshamba kwa kupiga selfi na keki. Sensa ya 2022 imetuonyesha tuko zaidi ya milioni 61, na karibu watu 35 kati ya 100 wako mijini, kwa hiyo wanaoitwa mshamba wanapungua na wanaoita wanaongezeka. Ila ukiwachambua hao wa mjini, wengi Krismasi wanapanda basi kurudi kule kule.

Ah, nimesahau kuwaambia bibi alimjibu nini konda.

Hakuketi. Alimgeukia taratibu, akamtazama usoni kama mtu anayesoma bango kwa mbali, akamwuliza: "Wewe ni mwana wa nani?"

Gari zima likanyamaza. Huku kwetu swali hilo halikwepeki. Kijana akazungusha kofia ikarudi mbele, akataja jina la babu yake kwa sauti ya chini. Bibi akasema "ehee", akakaa, akaweka kikapu miguuni, na akaanza salamu upya, safari hii akianzia kwa konda: mama hajambo, ng'ombe yule aliyekuwa mgonjwa amepona, na wewe mwenyewe unakula vizuri huko mjini Tukuyu?

"Nakula, bibi," akasema konda. "Ndaga fijo."

Tukaondoka.